Kutoka Itumbe Kwenda Mjini Kisii na Mtoto Mdogo

Kuhama kutoka vilima vya chai vya Itumbe kwenda mjini Kisii huonekana jambo dogo. Gari la alfajiri humfikisha abiria mjini mapema, Ekegusii ndiyo lugha inayosikika sokoni kama nyumbani, na mvua ni ileile inayojikusanya upande wa Ziwa Viktoria na kuvipiga vilima vyote vya Gusii wakati wa alasiri. Kwa sababu hiyo familia nyingi huhama kwa kufunga godoro, sufuria na nguo, kana kwamba zinavuka mto kwenda kwa jamaa. Mtu mzima hutoshelezwa na matayarisho hayo. Mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne hayamtoshi, kwa kuwa Itumbe hulelewa na watu wengi, kwa zamu ambazo hakuna aliyezipanga: nyanya anayeota jua mlangoni, shangazi anayerudi kutoka kupeleka majani ya chai kituoni, binamu wanaotoka shuleni jioni. Familia ikihama, watu hao hubaki. Sehemu kubwa ya kazi ya kuhama na mtoto ni kujua mapema nani atashika nafasi zao.

Mengi ya yafuatayo yametokana na kumbukumbu za familia moja iliyopitia njia hiyo: baba fundi wa kuchomelea vyuma, mama aliyepata kazi ya ukarani katika duka la jumla, na binti yao wa miaka mitatu. Walitoka katika shamba la chai la babu wa mtoto, ambalo likigawiwa kwa ndugu wote halitamlisha hata mmoja wao. Hali hiyo ni ya wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, eneo la takriban kilomita za mraba 1,300. Hao ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao hutegemea kilimo.

Mji wa Kisii, ambao wazee bado huuita Bosongo, uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Migori na mpaka wa Isebania inakutana na ile ya Keroka na Sotik. Ulianza kama kituo cha utawala wa Waingereza. Mwaka 1908, Otenyo Nyamaterere alipomchoma mkuki afisa wa utawala, Northcote, kituo hicho kilikuwa kimeshasimama. Leo mji una hospitali ya rufaa, chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013, uwanja wa Gusii ambako timu ya Shabana huchezea mechi zake, na soko la Daraja Mbili ambako ndizi hupakiwa kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Wakazi wa mji wenyewe walizidi 100,000 katika sensa hiyohiyo. Sheria ya miji, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, hutaka angalau wakazi 50,000 ili mahali paitwe manispaa na 250,000 ili paitwe jiji. Kisii iko katikati ya viwango hivyo viwili.

Ukubwa huo una maana kwa mzazi. Mji una karibu kila huduma ambayo mtoto mdogo huhitaji, na mtu anaweza kuuvuka kwa miguu kabla uji haujapoa katika chupa. Lakini umebanwa na miteremko, umejengwa kwenda juu kwa sababu hakuna pa kupanukia, na malori ya masafa marefu hupita katikati yake. Mtoto aliyezoea kutoka mlangoni na kukimbia mpaka mwisho wa shamba huukuta ulimwengu umeishia kwenye kizingiti.

Jambo la kwanza la kupanga ni wakati. Familia za chai hupata fedha kwa mpigo mara moja kwa mwaka, bonasi inapolipwa, kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba, baada ya mwaka wa fedha wa viwanda vya chai vinavyosimamiwa na shirika la KTDA kufungwa mwishoni mwa Juni. Bonasi ya Kisii na Nyamira kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya wakulima wa Murang'a, Kirinyaga au Meru, na mara nyingi huwa imeshaahidiwa kwa karo na madeni kabla haijafika. Hata hivyo ndiyo inayolipa kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwenye nyumba na nauli ya pikapu. Mwaka wa shule huanza Januari. Kati ya Oktoba na Januari kuna nafasi nzuri: fedha zipo, na ikifika Desemba binamu wakubwa wako likizoni na wanaweza kuja kukaa na mtoto wiki za mwanzo. Familia hii iliitumia nafasi hiyo. Baba alitangulia na vyombo, mama na mtoto wakafuata nyumba ilipokuwa tayari ina kitanda kilichotandikwa na jiko linalowaka. Mtoto hakuiona nyumba tupu hata siku moja, na jambo hilo lilipunguza kilio cha usiku wa kwanza.

Nyumba yenyewe yafaa kuchaguliwa kwa macho ya mtoto. Waliletewa mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ghorofa ya juu karibu na soko, hatua chache kutoka kazini kwa mama, yenye roshani ya vyuma vilivyoachana kiasi cha kichwa cha mtoto kupita. Ya pili ilikuwa chumba na sebule chini kabisa katika ploti ya Nyanchwa, mtaa uliokua kuzunguka misheni ya Waadventista wa Sabato, yenye ua wa pamoja, lango linalofungwa na kamba za kuanikia nguo. Ya pili ilikuwa mbali zaidi na kazi. Walichukua hiyo, na kila familia yenye mtoto wa umri huo ingefanya vyema kuchukua ya aina hiyo hata kama kodi ni ileile na safari ni ndefu. Mzazi hutembea mara mbili kwa siku. Mtoto hukaa hapo kutwa.

Nyumba ya Kisii itazamwe mara mbili, na mara ya pili iwe mvua inanyesha. Maelezo ya mwenye nyumba hutolewa asubuhi jua likiwaka, ilhali mvua kubwa ya vilima hivi huja mchana ukigeuka, na mara kwa mara huja na mawe ya barafu na radi. Ndipo huonekana maji ya mteremko yanapita wapi, kama yanaingia chini ya mlango, kama choo cha nje kinafurika, na kama ua ambao watoto wangechezea unageuka kuwa mfereji. Nyumba za bondeni, karibu na mto Nyakomisaro au karibu na mashimo ya kufyatulia matofali, zina hasara nyingine. Miinuko ya Kisii hupata mlipuko wa malaria hasa miezi inayofuata mvua ndefu, na mbu huzaliana kwa wingi zaidi katika mabonde yenye maji yaliyotuama. Mtu anayekaa kwenye mwinuko huwa hana kinga kubwa kama mkazi wa kando ya ziwa ambaye ameugua mara nyingi tangu utotoni, na mtoto chini ya miaka mitano ndiye anayeumia zaidi. Chandarua chenye dawa kifungwe usiku wa kwanza, kabla hata ya pazia.

Maji huulizwa kwa swali lililo wazi: mfereji hutoka siku zipi, na tangi la ploti huenea kwa siku ngapi. Itumbe maji huchotwa kwenye chemchemi na hayana ratiba. Mjini yana siku zake, na siku nyingine hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, bila mnunuzi kujua yalikochotwa. Ya kunywa huchemshwa yote, hata yale ya mfereji, kwa kuwa nyumba yenye mtoto haiwezi kubahatisha na homa ya matumbo. Moto nao una hatari yake. Usiku wa Kisii ni wa baridi, na anayetoka katika jiko la nje lenye kuni hushawishika kuingiza jiko la makaa chumbani ili mtoto apate joto. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua familia nzima zikiwa zimelala. Sweta mbili na blanketi hutosha.

Baada ya nyumba huja suala lililo zito kuliko yote, la nani atakaa na mtoto.

Malezi ya watoto wadogo Gusii yamechunguzwa kwa muda mrefu kuliko ya jamii nyingi za Afrika Mashariki. Watafiti Robert na Barbara LeVine walikaa miaka ya 1955 hadi 1957 katika kijiji walichokiita Nyansongo, na LeVine akarudi Gusii na wenzake katika miaka ya 1970. Matokeo ya utafiti huo wa pili yalitoka katika kitabu mwaka 1994. Walichokiona kinajulikana na kila bibi wa Itumbe. Mama alimbeba mchanga, alimnyonyesha, alilala naye na kumtuliza haraka anapolia. Akirudi shambani, mtoto alikabidhiwa omoreri, dada au binamu mkubwa kidogo, aliyembeba mgongoni na kucheza naye. Watafiti walipolinganisha akina mama wa Gusii na wa Boston, Marekani, waliona kwamba wa Boston walizungumza na vichanga vyao kwa wingi, na wa Gusii waliwashika na kuwatuliza zaidi huku wakiongea nao kidogo. Hakuna aliyekuwa mama bora kuliko mwenzake. Mtoto wa Gusii aliyapata maneno, michezo na mabishano yake kutoka kwa watoto wenzake, waliojaa bomani.

Mambo mawili yameubadilisha mpango huo. La kwanza ni shule. Tangu karo ya msingi ilipofutwa Januari 2003, na hasa tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kuifanya elimu hiyo kuwa ya lazima, omoreri yuko darasani kutwa. Hata hivyo jioni hurudi, na likizo huwapo. La pili ni kuhama, ambako huondoa hata jioni hiyo. Ndiyo sababu mtoto aliyekuwa msemaji sana Itumbe anaweza kunyamaza mjini. Wazazi wake hawajawahi kuwa ndio wa kuzungumza naye; kazi hiyo ilifanywa na wengine bila kuombwa. Familia hii ililitambua jambo hilo baada ya wiki za mwanzo, mtoto alipokuwa akikaa kimya kwenye ngazi ya ua huku wenzake wa ploti wakicheza. Mama akaanza kumsemesha wakati wa kupika, kumwuliza vitunguu viko wapi, kumhesabisha ndizi, kumsimulia alichokiona dukani. Baba, ambaye katika desturi angeachiwa utulivu wake wa jioni, akachukua kazi ya kumwogesha na kumwambia hadithi za sungura. Mwanzoni yote hayo yalihitaji bidii, kama kazi yoyote mpya. Lakini hakuna kifaa wala kituo kinachoweza kuziba pengo hilo badala ya wazazi wenyewe, na mzazi anayehamia mjini na mtoto asiye na ndugu mkubwa angepaswa kuliweka juu ya kodi katika orodha ya gharama zake.

Mchana bado unahitaji mtu. Njia inayowajia wengi kwanza ni kumchukua mpwa wa miaka kumi au kumi na miwili kutoka kijijini, alipiwe chakula na nguo, amwangalie mtoto. Inaonekana kama desturi ileile imehamishwa, na imetendeka katika nyumba nyingi za watu wema. Lakini omoreri wa zamani alikuwa nyumbani kwao, mama akiwa shambani umbali wa sauti. Mpwa wa mjini yuko peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, amekatizwa masomo ambayo sheria inamwamuru kila mzazi na mlezi kuhakikisha anayapata. Kumnyima mtoto mmoja utoto wake ili mwingine atunzwe ni dhuluma, hata ikifanywa kwa upendo wa kindugu.

Mfanyakazi wa nyumbani aliye mtu mzima ni njia ya haki zaidi, kwa mwenye uwezo wa kumlipa mshahara unaostahili. Kwa mshahara wa karani na kipato cha fundi kinachopanda na kushuka, haikuwezekana. Walianza na msaada wa jamaa: shangazi wa mama, mjane ambaye watoto wake wamekua, alikuja kukaa nao mpaka msimu wa kupanda ulipomwita. Kipindi hicho cha mpito kilikuwa na thamani kubwa. Mtoto aliuzoea mji akiwa na uso anaoujua, na wazazi walipata muda wa kutafuta bila pupa.

Kisha wakatafuta deikea. Mjini Kisii, kama katika miji mingine ya Kenya, nyingi ni chumba cha nyumba ya kupanga ambamo mwanamke mmoja hupokea watoto wa majirani tangu alfajiri. Baadhi ni wazuri mno kwa kazi hiyo. Wengine wamezidiwa. Ya kwanza waliyoijaribu ilikuwa na watoto wengi kuliko mikono, na binti alikuwa akichukuliwa jioni sauti imekauka na nguo zimeloa. Wakamwondoa mara moja. Ya pili waliichunguza kwa namna ambayo kila mzazi anaweza kuiga. Walifika saa ambayo hawakutarajiwa, wakati wa usingizi wa mchana, wakaona watoto wamelazwa wapi na kama mlango wa barabarani umefungwa. Walihesabu watoto na watu wazima. Walitazama choo, jiko na maji ya kunawa. Waliuliza mtoto akipata homa anapigiwa nani simu na anapelekwa zahanati gani. Zaidi ya yote walitazama watoto wenyewe mlezi anaporudi chumbani: kama wanamkimbilia au wananyamaza. Mtoto anayekutwa amelala fofofo kila siku anapochukuliwa, saa yoyote ile, anahitaji kuangaliwa kwa makini, na mzazi asione haya kuuliza.

Siku za kwanza za deikea huwa na machozi, na kuna kishawishi cha kutoroka mtoto akiwa amegeuka. Wanaofanya hivyo hununua dakika moja ya amani kwa wiki nyingi za woga, maana mtoto hujifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote. Njia iliyofaa ilikuwa kuaga kwa maneno machache, kumtajia kitakachotangulia kurudi kwake, kama vile uji, usingizi na mchezo, kisha kuondoka bila kugeuka na kurudi kwa saa iliyoahidiwa. Wakati huohuo yalitokea mambo mengine ambayo wazazi huyahofia bure: binti aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani alianza tena, akakataa kula asicholishwa kwa mkono, akamwita magokoro, nyanya yake, usiku. Hizo ni njia za kawaida za mtoto wa umri huo kuonyesha kwamba amepoteza kitu. Hazihitaji fimbo wala aibu. Hupungua siku zinapofanana, yaani mlo kwa saa ileile, wimbo uleule wa kulala, blanketi lilelile lililotoka Itumbe bila kufuliwa kwanza.

Afya hupangwa kwa karatasi. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kisipakiwe na vyombo, kibebwe mkononi. Ndani yake ndimo rekodi ya chanjo, ikiwemo ya pili ya surua na rubela inayotolewa mtoto afikapo miezi 18, na ambayo husahaulika sana kwa wanaohama katika umri huo. Kliniki ya mji huendelea palipoachwa: vitamini A kila baada ya miezi sita hadi mtoto afike miaka mitano, dawa ya minyoo kwa kipindi hichohicho, na kupimwa uzito. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mtoto huandikishwa chini ya mzazi, jambo linalohitaji cheti cha kuzaliwa. Wazazi waliokaa na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa bila kuchukua cheti wamalize hilo kabla ya kuhama, maana shule nayo itakidai. Yafaa pia kuijua njia ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii kabla haijahitajika usiku, pamoja na zahanati ndogo iliyo karibu zaidi, kwani kikohozi na kuhara vingi huishia hapo.

Chakula cha mtoto hubadilika kwa sababu ya fedha kabla ya ladha. Itumbe ndizi, mboga za chinsaga na rinagu, na maziwa hutoka nyuma ya nyumba. Mjini kila kimoja kina bei, na mkate na chai ya rangi huonekana nafuu kwa anayechelewa kazini. Familia nyingi huokolewa na ukaribu wa mji. Kila gari linalotoka vilimani hubeba gunia la mtu fulani. Unga wa wimbi uliosagwa nyumbani, mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa lala vilifika karibu kila wiki, na gharama ilikuwa nauli ya mzigo tu. Kwa mtoto aliyekataa kila kitu kipya, uji wa wimbi wenye ladha ya nyumbani ulibeba wiki kadhaa.

Barabara zinahitaji mafundisho mapya. Mtoto wa shambani huogopa ng'ombe na mto, na hajui bodaboda inayoshuka mteremko injini ikiwa imezimwa. Mkono ushikwe kila mara upande wa ndani. Katika gari za Probox za kurudi nyumbani, ambazo hujazwa kupita kiasi, mtoto hupakatwa mbele karibu na kioo ili nafasi iuzwe kwa mwingine. Ni afadhali kulipia kiti chake nyuma, au kungoja matatu.

Shule ya awali iko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mtoto huingia mwaka wake wa kwanza, PP1, akiwa na miaka minne. Sera ya elimu hutaka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na mijini penye mchanganyiko Kiswahili huchukua nafasi hiyo. Kisii ni mji wa Abagusii wengi, lakini mtaa kama Nubia, ambako vizazi vya askari wa Kisudani vimeishi tangu ukoloni, na ploti zenye Waluo, Wakuria na Wakikuyu huwafanya watoto wakutane katika Kiswahili. Baadhi ya wazazi huacha Ekegusii nyumbani ili kumharakisha mtoto. Hakuna haja. Binti huyu alipata Kiswahili uani kwa mchezo wa kati na kwa kugombania baiskeli, huku Ekegusii ikibaki lugha ya chakula cha jioni na ya simu kwa nyanya. Angeipoteza, asingekuwa na la kumwambia nyanya huyo, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni.

Simu hiyo, jioni baada ya uji, ilikuwa mojawapo ya nguzo za mwaka wa kwanza. Nyingine ilikuwa kanisa. Siku ya Sabato, Nyanchwa hujaa, na shule ya Sabato ya watoto huwakusanya wa umri mmoja na mwalimu mmoja, wiki hadi wiki. Hapo ndipo mama alipopata wanawake wa kumwamini, wanaojua deikea ipi ni nzuri na nani ana binti mkubwa wa kukaa na watoto likizoni. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo hufanya kazi hiyohiyo. Asiye na kanisa hupata chama cha akina mama cha ploti, na hata hicho hutosha kuanzia.

Kurudi Itumbe kulipangwa kwa kalenda ya shule. Mwanzoni, kila mwisho wa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kwa kuwa safari za mara kwa mara zilimfanya mtoto alie upya kila Jumapili jioni. Alipoingia PP1 Januari iliyofuata, mpango ukawa wa mihula: Aprili, Agosti na Desemba hukaa kwa magokoro likizo nzima, akiwa na mabinamu wote, na mama humfuata Ijumaa. Kitabu cha kliniki, chandarua kidogo na namba ya simu ya zahanati ya huko huenda naye kwenye mfuko uleule.